Baba na Belmora ya Nne

Jumamosi, 7 Juni 2025

Idi. Miguu inaniuma kwa kusimama jikoni tangu alfajiri. Lakini leo lazima niandike.

Fahadi, mdogo wangu, kaja toka Dar na gari. Si lake — la Baba! Belmora mpya, toleo la nne, nyeusi, inang'aa mpaka unaziona nyusi zako mlangoni. Tumerudi kutoka kuswali, watu wamekaa wanangoja pilau, mara geti linafunguliwa na kitu kinaingia kimya. Kimya kabisa! Kuku hata hawakukimbia. Fahadi akashuka anacheka, akampa Baba kadi (siku hizi funguo ni kadi) akasema, "Baba, umewaendesha wakubwa maisha yako yote. Sasa na wewe ukae nyuma."

Vigelegele. Jirani yetu Zipora alikuwa kaja na sahani, akaiweka chini ili apige makofi vizuri.

Baba akalisogelea. Alilizunguka. Akagonga boneti kwa kidole kimoja, akachungulia chini ya milango, akanusa ndani kama mtu anayenusa chungu. Hakuna mtu Dodoma hii anayelijua gari hilo kumshinda. Alikuwa dereva wa mkurugenzi, marehemu Bwana Bartolomayo, tangu mimi mtoto, na shirika lao la umma lilinunua Belmora kila toleo jipya lilipotoka. Kabati. Sabuni. Macho Manne. Ndiyo majina ya mtaani ya yale matatu ya zamani. Kabati nimeijua kabla sijajua kusoma.

Akafungua mlango wa nyuma. Tukadhani anaingia. Akaufunga polepole, akaenda mbele, akakaa kwenye usukani.

"Nyuma sijui kukaa," akasema.

Tukacheka wote. Na mimi nikacheka.

Jumapili, 8 Juni

Asubuhi nzima darasa la gari uani. Fahadi anafundisha, Baba anamkatiza.

Fahadi: kiti cha nyuma kushoto, cha bosi, kinalala, kinapepea, kinakanda mgongo. Nilijaribu. Jamani! Nilitaka kulia kwa raha. Unabonyeza, kiti cha mbele kinasogea chenyewe, kipande kinatoka chini unanyoosha miguu.

Baba: hilo si jipya. Kabati ilikuwa na kimlango mgongoni mwa kiti cha mbele. Unakifungua, bosi anapitisha mguu. Bwana Bartolomayo alikuwa na goti bovu, Dodoma mpaka Arusha soksi yake iko ubavuni mwa dereva. Kabati nyeupe, ya kona kona, taa za mraba, mapazia madirishani, kisahani cha majivu kila mlango, kaseti. Halafu ikaja Sabuni. Wakaondoa kona, wakaweka viti vya ngozi, swichi za kiyoyozi nyuma, mifuko ya hewa. Wazee walinuna, wakasema gari limekuwa la kike. Halafu Macho Manne, ile ya springi za upepo. Ukifika kwenye mashimo linajiinua kama mama anayepandisha gauni avuke maji! Na kuwasha kwa kitufe, na kamera ya nyuma.

Anavyosimulia macho yanawaka. Hakosei hata kidogo.

Hii mpya ni umeme na petroli pamoja. Haina mkono wa gia, kuna duara la kuzungusha tu. Inasoma vibao vya spidi. Ukitaka kutoka kwenye mstari inakurudisha yenyewe. Ina sauti ya mwanamke. Inaweza kufunguliwa, kuwashwa na kufungwa kwa simu ya Fahadi hata akiwa Dar. Na juu ya usukani kuna kijicho kidogo, kamera.

"Inaangalia nini?"

"Inakuangalia wewe Baba. Macho yako. Usisinzie."

Baba akakitazama muda mrefu. "Matoleo yote waliongeza kitu cha bosi," akasema. "Hili wameongeza cha kumchunga dereva."

Jumatano, 11 Juni

Baba kanipeleka ofisini. Mimi nyuma! Nilikataa, akasema mbele hakai mtu, ndiyo utaratibu. Wenzangu wote madirishani. Aibu na raha vyote pamoja.

Kitu kidogo. Kabla hatujaondoka aliingiza mkono chini ya usukani upande wa kulia, akazungusha vidole hewani. Mara mbili. Anatafuta tundu la funguo. Halafu mkono wa kushoto ukashuka kutafuta gia, ukakuta kisahani cha kuwekea kikombe.

"Mazoea," akasema.

Njiani pale Miyuji kengele ikalia, ikatokea picha ya kikombe chenye mvuke mbele yake. Ndiyo gari linasema upumzike. Na tumetoka tu nyumbani! "Linataka chai," Baba akasema. Nikacheka sana.

Jumatatu, 16 Juni

Baba karudi kwa bodaboda. Uso umemvimba kwa hasira. Gari limeibwa!

Nikapiga simu kwa Fahadi. Akaangalia kwenye simu yake, akasema gari lipo palepale, nje ya soko, limefungwa. Nikaenda na bodaboda ileile. Lipo. Mbele kabisa, mtu hawezi kulikosa. Mlinzi akaniambia mzee alipita hapa zaidi ya mara moja, anatafuta gari. Alimwuliza na yeye pia.

"Aliniambia ni jeupe," mlinzi akasema.

Nimemwambia Fahadi. Kasema: dada, hajalizoea. Mtu mzima, gari jipya, jua kali. Usimzeeshe Baba.

Huenda. Hata mimi simu yangu mpya ilinitesa.

Alhamisi, 19 Juni

Siku mbaya. Aibu.

Baba alikuwa analifuta gari, ghafla akaanza kupiga kelele. Nembo ya juu ya boneti iko wapi? Nani kaing'oa? Nembo ya kusimama, ile kama ua, ilikuwa ya Kabati peke yake. Mwenyewe aliwahi kunieleza kwamba kwenye Sabuni waliitoa ili isiumize watu wakigongwa. Gari hili halijawahi kuwa nayo!

Akatoka mpaka getini kwa Zipora. Mbele ya wateja wake wa vitumbua akamwambia rudisha nembo ya serikali.

Zipora. Mwanamke aliyekaa na Mama hospitali mpaka dakika ya mwisho, kabla hata sisi hatujafika. Alifuta mikono, akasema, "Shikamoo baba. Nitaitafuta." Tu. Hakujitetea. Halafu akanitazama mimi, na nikaona kwamba yeye anajua. Ameanza kujua kabla yetu.

Jioni nilikwenda kumwomba radhi. Akaniambia kabla ya Idi Baba alimwuliza mara nyingi, "Mke wangu amekwenda wapi?" Kila mara alimjibu kaenda sokoni.

"Ningemwambia amekufa, angefiwa upya kila siku, dada Nasma. Sikuweza."



Ijumaa, 27 Juni

Hospitali. Nilimdanganya Baba kwamba ni mimi naumwa, anisindikize. Alivaa vizuri, akanifungulia mlango.

Daktari Ignas ni kijana, mpole. Wameongea kuhusu Belmora dakika nyingi, na Baba alikuwa mzima kabisa. Silinda ngapi, tangi linachukua lita ngapi, kwa nini breki za Sabuni zilikuwa bora. Nikaanza kujilaumu. Nimemleta mzee mzima!

Halafu Daktari akamwuliza: mzee wangu, huu ni mwaka gani?

Baba akacheka. Akanitazama mimi nimsaidie. Akasema, "Hayo mambo ya kalenda anayajua katibu muhtasi."

Mwezi? Kiangazi. Tuko wapi? Shirika. Achore saa. Akachora duara zuri, safi, na ndani yake akachora usukani.

Daktari aliniita pembeni. Ugonjwa wa kusahau, umeshafika katikati. Kasema watu hudanganyika kwa sababu mambo ya zamani yanabaki, mapya ndiyo yanatoka kwanza. Asiendeshe tena. Kuanzia leo. Si kesho.

Nikamwambia anaendesha vizuri kuliko mimi.

"Mikono inakumbuka," akasema. "Lakini siku moja mikono itakuwa kwenye barabara ambayo haipo."

Nilirudi mimi nikiendesha. Baba aliudhika sana, kakaa mbele kushoto, anakanyaga breki ambayo haipo njia nzima.

Jumanne, 1 Julai

Ugomvi na Fahadi kwa simu. Anasema nimemnyang'anya Baba furaha ya mwisho. Anasema daktari mmoja si Mungu. Anasema gari lina kila kitu, linashika mstari, linafunga breki lenyewe, kama kuna mzee duniani anayeweza kuendesha ni aliye ndani ya gari hilo.

"Ndiyo maana nililinunua hilo," akasema.

Kumbe na yeye alikuwa ameona! Aliona, akaenda akanunua gari badala ya kusema.

Nimeificha kadi kwenye pipa la mchele.

Ijumaa, 4 Julai

Upepo. Vumbi mpaka kwenye meno.

Baba anaitafuta kadi. Halafu anasahau anatafuta kadi, anatafuta funguo. Ile yenye kipande cha ngozi, ya Kabati. Chumba chake chote kimepinduliwa.

Leo kanikaba kwa maneno. "Wewe umekuwa trafiki? Nimekosa nini? Mimi sijawahi kugusa mtu. Hata mbuzi! Waulize shirika zima. Kama kuna malalamiko niletewe kwa maandishi."

Alikuwa analia bila kujua kwamba analia. Nilitaka kumfuta uso, akarudi nyuma.

Nilikwenda kukaa kwa Zipora mpaka nilipopoa.

Alhamisi, 10 Julai

Leo Mungu katupa siku.

Baba kaamka yuko safi. Kaniita kwa jina, kaniuliza kazi inaendeleaje, kaniambia mbona umekonda. Halafu, tukiwa tunakunywa chai, akasema tu, "Nasma, kichwa changu kinaharibika. Ndiyo?"

Ningeweza kumdanganya. Nikasema, "Ndiyo, Baba."

"Nilijua pale sokoni. Nililiona gari jeusi, nikajua ni langu na si langu." Akaweka kikombe chini. "Inatisha, mama. Kama kuendesha kwenye vumbi la lori. Unajua barabara ipo, huioni."

Halafu akaniomba nimtembeze. Na akakubali kukaa nyuma! Peke yake, bila kulazimishwa. Nikaendesha taratibu, tukazunguka mji, majengo mapya yote yale ya serikali, barabara pana, taa. Nikamwashia kiti kimkande. Akafumba macho kidogo, akafumbua.

"Kumbe huku nyuma unaona kisogo tu," akasema.

"Kisogo?"

"Cha dereva. Bwana Bartolomayo alitazama kisogo changu miaka yote hiyo. Sijui kama alikuwa anajua uso wangu ukoje nikicheka."

Tulipofika nyumbani alikwenda mwenyewe kwa Zipora. Sikusikia alichosema. Alirudi na vitumbua.

Nampigia Fahadi kesho tuanze kutafuta mtu wa kukaa naye mchana. Leo naacha hivi, nisiharibu.

Jumamosi, 12 Julai

Naandikia ndani ya gari. Kiti cha nyuma. Tumepita Kolo, nje ya lami, kwenye mawe. 

Nianze mwanzo.

Asubuhi nilikuwa bafuni. Baba alimpigia Fahadi (mwenyewe kaniandikia njiani), kwa sauti yake ile nzuri ya watu wa zamani, akamwambia: mwanangu, gari la betri likikaa sana linakufa, liwashe kidogo huko uliko liungurume. Na Fahadi, yuko Dar na chai yake, akabonyeza simu. Ndiyo hivyo! Nilihangaika kuficha kadi kwenye mchele, na mtoto huyo kafungua kila kitu kwa kidole.

Nilitoka nikamkuta Baba uani. Kaunda suti ya kijivu, kofia. Viatu vinang'aa. Kasimama kando ya mlango wa nyuma, umefunguliwa.

"Karibu, mama."

Huniita mama siku zote. Sikushtuka. Nilikimbilia mlango wa mbele kushoto, umefungwa kwa ndani. Nikaona: nikipiga kelele ataingia aondoke peke yake. Nikachukua mkoba, nikaingia nyuma. Nilidhani atazunguka Miyuji, atachoka, tutarudi.

Njia panda akakata kulia, barabara ya Kondoa.

"Baba, tunakwenda wapi?" Kaniangalia tu kwenye kioo, kwa heshima, kama mtu aliyesikia mzaha asiouelewa.

Nikamtumia Fahadi meseji. Akajibu papo hapo: likiwa linatembea siwezi kulizima dada, mtakufa. Likisimama tu nalifunga. Msimamishe! Halafu akapiga, nikakata. Akapiga, nikakata. Niliogopa hata mlio wa simu.

Na anaendesha vizuri! Mungu anisamehe, nilikaa pale nyuma na hofu yangu huku mwili wangu unaona raha. Matuta ya Makutupora sikuyasikia. Breki zake huzisikii, unaona tu mti umesimama. Kile kikombe kiliwaka, kikazima, kikawaka. Sauti ya mwanamke ikamwambia apumzike. "Tukifika," akaijibu.

Chemba palikuwa na trafiki. Nikainuka kugonga kioo. Mapazia ya nyuma alikuwa ameyapandisha kwa kitufe, vioo vyenyewe vyeusi. Trafiki aliliona gari, akasimama wima, akatupungia tupite. Gari kama hili nani atalisimamisha? Nikarudi kukaa. Na kama Baba angeogopa filimbi akakanyaga mafuta?

Hapo ndipo Baba aliposema, macho barabarani:

"Mama, mzee tutamkuta Babati au keshatangulia Arusha?"

Nikaelewa. Si mama yule wa kila siku. Mimi nilikuwa Mama Anastazia, mke wa Bwana Bartolomayo. Alikuwa akimfuata mumewe safarini, anapelekwa na Baba.

Nikasema, "Baba, ni mimi. Nasma."

Macho yake kwenye kioo! Sijawahi kuyaona hivyo. Yalinitafuta, hayakunipata, mikono ikalegea, gari likayumba, usukani wenyewe ukajirudisha kwa nguvu kwenye mstari. Lori lilipita ubavuni, likapiga honi mpaka mbali. Sikujaribu tena. Nikasema, "Babati," na mabega yake yakatulia.

Tukapita Kondoa mjini. Watu wetu wote wako pale, makaburi ya babu zetu yako pale, hakugeuza hata shingo. Fahadi kaniandikia kwamba amempata binamu Abdulrahim, yuko Kondoa, anawasha pikapu anatufuata.

Tulipopita Kolo akaanza kuhangaika. Lami hii imetoka wapi? Nani kaiweka? Anaangalia kulia, kushoto. Anatafuta ile ya vumbi. Na akaiona. Kulia, njia ya zamani, majani yameota katikati. Akawasha taa ya kona, akapunguza, akaingia. Taratibu zote! Gari likaanza kulia kila upande, kengele hapa, taa nyekundu kule, chini kunakwaruza. Lilijaribu kufunga breki lenyewe, yeye akalizidi.

Mbele nikaona korongo. Daraja la zamani lilichukuliwa na maji, yamebaki mawe ya ukingo tu. Yeye analiona daraja. Naapa alikuwa analiona. Alinyooka kulilenga.

Nikaita kwa sauti ambayo si yangu:

"Swedi! Simamisha gari!"

Swedi. Jina la Baba. Tangu nizaliwe sijawahi kulitamka peke yake, bila Mzee, bila Baba. Lilitoka mdomoni kama jiwe.

Akafunga breki. Laini. Gari likasimama.

"Sawa, mama," akasema.

Nikashusha pazia na kioo upande wangu, nikamwandikia Fahadi neno moja. Taa zote za dashibodi zikazimika. Limefungwa. Haliwaki tena.

Sasa. Baba yuko nje. Alishuka, akazunguka, akanifungulia mlango, nikasema sishuki bado, akaufunga kwa mikono miwili usipige kelele. Amesimama hatua chache kutoka hapa, mikono nyuma, kwenye jua na upepo huu. Nimemwambia akae chini ya kivuli. Hataki. Nimemwambia aingie ndani. Hataki. Korongo liko nyuma yake palepale.

Nilipotoa daftari hili mkobani alirudi nyuma kidogo akanipa mgongo. Mkubwa anaandika, asisumbuliwe. Nikaacha kuandika, akaja dirishani: "Tuondoke, mama?" Nikaandika, akarudi. Ndiyo sababu naandika. Nisipoandika atataka kuondoka, na gari haliwaki, na sijui atafanya nini.

Kwa hiyo naandika. Naandika mawe. Naandika mtama uliovunwa. Wamepita wanawake wawili na mizigo ya kuni, wamemsalimia kwa Kirangi, kawajibu kwa Kirangi, kacheka nao. Cheko la kweli. Nimeona uso wake akicheka, kutoka huku nyuma. Wakalitazama gari, wakaendelea.

Abdulrahim hajafika. Mtandao unakuja na kuondoka.

Baba kaja tena. Kainama, kofia mkononi. Nilidhani ni lilelile la kuondoka.

"Mama, samahani kukukatiza. Nilikuwa na ombi. Ukimkuta mzee, naomba uniombee. Mimi nimeshamwomba mwenyewe, kila mwezi namwomba, anasema kazi kwanza. Lakini wewe ukisema atasikia."

"Ombi gani, Swedi?"

"Ruhusa. Siku mbili tu. Nina binti nyumbani, mdogo, nimemwacha ana homa. Ni mkorofi huyo! Nikiondoka bila kumuaga hali mpaka jioni. Anakaa getini."

Nikauliza anaitwaje.

"Nasma," akasema. Na namna alivyolisema...

Nimekaa hapa na miaka yangu yote. Getini, ndiyo. Nakumbuka geti. Nakumbuka Mama akisema baba yako ana kazi. Nilikua nikijua kwamba alipenda gari lile kuliko sisi, nikazoea, hata halikuniuma tena. Kumbe alikuwa akiomba. Kila mwezi.

Nikimjibu nenda, ataenda. Kwa miguu, sasa hivi, jua hili, mpaka Dodoma. Namjua. Nikimjibu hapana, nitakuwa nani?

Nimesema, "Ngoja kidogo, Swedi." Nimeinama kuandika.

Na yeye hakurudi nyuma safari hii. Amebaki dirishani. Anatazama kalamu. Amefunga kifungo cha juu cha suti, amepangusa vumbi kwenye mabega.

"Ahsante, mama," anasema. "Andika tu siku mbili. Hata moja inatosha."

Anadhani namwandikia ruhusa.

Huko nyuma barabarani kuna vumbi. Linaweza kuwa Abdulrahim. Linaweza kuwa upepo. Ukurasa unaisha. Baba amenyoosha mikono yote miwili dirishani, viganja juu, anapokea